Samansi ya deni la kadi imefika Houston, nawe uko Tanga

Umekuja Tanga kwa arusi au msiba, umefikia kwa wazazi Ngamiani. Mara mwenzako mnayepanga naye nyumba Houston anakutumia kwa WhatsApp picha ya karatasi za mahakama. Kampuni usiyoijua hata jina, iliyonunua deni lako kutoka benki, inakudai pesa za kadi uliyoacha kuilipa miaka mingi nyuma. Tafadhali usiseme utalishughulikia ukirudi. Wadaiwa wengi hushindwa kesi hizi kwa sababu moja tu: hawakujibu, mahakama ikatoa hukumu ya upande mmoja.

Soma juu ya karatasi ni mahakama gani, kisha muulize mwenzako zililetwa siku gani na alipewa nani. Texas, madai yasiyozidi dola 20,000 huweza kufunguliwa kwenye mahakama ndogo iitwayo Justice Court, na huko una siku 14 tangu ulipokabidhiwa. Kwenye mahakama za juu yake, mwisho ni Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita, saa nne asubuhi. Kwa Tanga hiyo ni saa moja jioni, au saa kumi na mbili miezi wanaposogeza saa mbele. California hutoa siku 30. New York siku 20 ukikabidhiwa mkononi. Kama karatasi aliachiwa mwenzako bila idhini ya mahakama, mweleze wakili kabla hujajibu. Hata hivyo Texas hoja hiyo hukuongezea muda tu, kesi haifutiki.

Sasa jambo linalowaponza watu wetu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ukomo (muda wa mwisho wa kufungua shauri), Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, na shauri lililochelewa mahakama hulitupa hata kama mdaiwa hakulisemea. Mtu aliyezoea hivyo hudhani hakimu wa Marekani naye ataitazama tarehe mwenyewe. Hapana. Kule ukomo ni utetezi wako. Usipouandika kwenye jibu lako, unaweza kuupoteza kabisa, hata deni liwe la miaka 10. Texas na California ukomo wa deni la kadi ni miaka 4. New York ni 3, tangu Aprili 2022. Tafuta taarifa zako za benki ujue uliacha kulipa lini, na uandike tarehe ya kweli.

Wakikupigia wakuombe ulipe japo dola 20 kuonyesha nia njema, kataa. Katika majimbo mengi malipo hayo huanzisha hesabu ya miaka upya. Texas ilizuia hilo mwaka 2019 kwa madeni yaliyonunuliwa, lakini usijitie kwenye mabishano yasiyo ya lazima.

Jibu lenyewe si refu. Texas unaweza kuandika kwamba unakanusha madai yote na kumtaka mdai ayathibitishe, kisha uongeze kwamba muda wa kushtaki umekwisha. Hapo kampuni iliyonunua deni italazimika kuonyesha lilivyotoka benki hadi kwake, na hesabu yake imetoka wapi. TexasLawHelp.org ina fomu za bure, na jibu huwasilishwa mtandaoni kupitia eFileTexas, hata ukiwa Chumbageni. Nakala mpelekee wakili wa mdai. Muulize karani kama unaweza kuhudhuria kwa Zoom.

Mama naye mwandae. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inawaruhusu wakusanya madeni kumuuliza ndugu yako unapatikana wapi, ila inawakataza kumtajia deni. Anayempigia mzee aliyeko Makorora na kumtisha kwamba mwanawe atafungwa ni mwongo. Kwa kudaiwa kadi tu hufungwi.

Kama hukumu imeshatoka, wahi. Justice Court ya Texas hukupa siku 14 tangu hukumu iliposainiwa uombe iondolewe. Texas hawakati mshahara kwa deni la kadi, lakini mdai aliyeshinda anaweza kuomba akaunti yako ya benki izuiwe, pamoja na pesa ulizoziweka za kutuma nyumbani.