Kununua king'amuzi: kipime kwa siku ambayo hujalipia

Mwulize muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, king'amuzi kipi ni kizuri, atakutajia idadi ya chaneli. Idadi hiyo ni ya kifurushi cha juu, ambacho wateja wengi hukiona mwezi wa ofa tu, kisha wakashuka. Wewe mwulize swali jingine: kifurushi kikiisha na sijalipa, kwenye skrini kitabaki nini? Akisita, mwambie akuwashie boksi lisilolipiwa. Dukani huwa halikosekani.

Swali hilo ndilo linalotenganisha aina za ving'amuzi. Cha antena hupokea mawimbi ya mnara wa ardhini. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikamaliza mwaka 2015, na zote mbili hutumia DVB-T2, kizazi cha pili cha mfumo wa dijitali wa minara. Kwenye king'amuzi cha antena, chaneli za kitaifa zisizolipiwa, kama TBC1 na ITV kwa Tanzania au KBC kwa Kenya, ndizo zinazotakiwa kubaki hata salio likikauka. Cha dishi hupokea kutoka setilaiti. Kinafaa kijijini ambako mnara umejificha nyuma ya mlima, na ndicho chenye mpira na filamu nyingi, lakini kinachobaki baada ya kifurushi kuisha hutegemea kampuni na leseni yake, na hubadilika. Usikubali jibu la mdomo.

Kuna pia boksi za Android zinazopangwa rafu moja na ving'amuzi. Hizo hazina uhusiano na mnara wala dishi, zinakula intaneti. Netflix yenyewe hukadiria hadi GB 3 kwa saa kwa picha ya HD na karibu GB 1 kwa picha ya kawaida. Kama nyumbani hakuna intaneti ya waya isiyo na kikomo, piga hesabu ya saa 3 kwa siku kwa siku 30 kabla hujatoa pesa.

Kwanza geuza televisheni yako

Huenda king'amuzi hukihitaji. Televisheni nyingi bapa zinazouzwa sasa zina kipokezi ndani. Soma kibandiko cha nyuma au kitabu chake: ukiona DVB-T2, inaweza kupokea mawimbi ya mnara bila boksi. DVB-T isiyo na namba 2 haitoshi, na televisheni iliyotoka Marekani huwa na ATSC, mfumo ambao huku hauna mnara. Hiyo ya mwisho utaitumia kwa tundu la HDMI tu, pamoja na king'amuzi.

Kujaribu ni kazi ya dakika kumi. Chomeka antena kwenye tundu la mviringo la nyuma, ingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli, chagua antena badala ya kebo, kisha tafuta. Chaneli zikija na picha, umemaliza na pesa yako imebaki mfukoni. Majina yakija lakini skrini ikisema imefungwa kwa msimbo, basi mrusha matangazo huyo anataka boksi lake.

Panda juu, au angalau tazama juu

Kabla ya kuchagua kampuni, zunguka mtaani utazame antena za majirani. Ona zimeelekea wapi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama. Mnara ukirusha mawimbi yaliyolala, antena yenye vijiti vilivyosimama itapoteza sehemu kubwa ya nguvu hata ikielekezwa sawasawa. Mwulize jirani anatumia king'amuzi gani na picha inakuwaje wakati wa masika. Mtu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwako anajua mambo ambayo ramani ya kampuni haiyajui.

Minara ikiwa karibu na hakuna ghorofa katikati, antena ndogo ya ndani inaweza kutosha. Nje ya hapo chukua antena ya nje ya vijiti vingi, ya UHF, iinue juu ya bati. Bati huzuia na kurudisha mawimbi, kwa hiyo antena iliyowekwa darini chini yake ni kujisumbua.

Antena zenye kikuza mawimbi hutaka umeme wa volti 5 kupitia waya uleule. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mahali pa kuwasha umeme wa antena, na kwa kawaida huja pakiwa pamezimwa. Watu hurudisha antena dukani wakidhani mbovu, kumbe hawakuwasha hapo. Kinyume chake pia hutokea: ukiwa karibu sana na mnara, kikuza mawimbi humzidi kipokezi nguvu, na picha hukatika ilhali mstari wa nguvu umejaa. Kizime ujaribu tena.

Utafutaji wa otomatiki ukiacha baadhi ya chaneli, tafuta kwa mkono. Zidisha namba ya mkondo wa UHF kwa 8, ujumlishe 306, utapata masafa kwa megahezi: mkondo wa 21 ni 474, wa 30 ni 546. Upana weka megahezi 8. Huku ukitazama mistari miwili ya menyu, ya nguvu na ya ubora, geuza antena kidogo kidogo. Mstari wa kufuata ni wa ubora. Nguvu ya 90 yenye ubora wa 20 itakupa vipande vipande vya picha, na nguvu ya 55 yenye ubora wa 80 itakaa imara. Dijitali haina zile chenga za zamani zilizokuonya mapema. Picha huwa safi, halafu ghafla miraba, halafu giza.

Boksi lenyewe

Ukishajua mawimbi gani yanafika kwako, kulinganisha boksi ni kazi fupi. Kwa cha antena hakikisha DVB-T2 na MPEG-4, yaani namna ya kubana picha. Kwa cha dishi, DVB-S2, mfumo wa setilaiti. Ving'amuzi vya zamani vya DVB-T bado vinazungushwa kwa bei ya kutupa, na kwa mnara wa T2 havitashika hata chaneli moja. Tafuta alama ya kuidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Kisha matundu. Ukiwa na televisheni bapa, taka HDMI. Ukiwa na televisheni ya chogo, unahitaji njano, nyekundu na nyeupe. Boksi ndogo siku hizi huweka hizo tatu ndani ya tundu moja dogo kama la earphone, na mpangilio wa ndani wa waya wake hutofautiana kwa watengenezaji, ingawa kwa macho huwezi kuutambua. Ukichomeka waya wa kifaa kingine unaweza kupata mlio badala ya picha. Kabla ya kulaumu boksi, hamisha pini: nyekundu iende kwenye tundu la njano, uone. Waya uliokuja na boksi usiuazimishe.

Tundu la USB lina hadithi mbili. Kucheza filamu na picha, karibu zote huweza. Kurekodi matangazo si zote, na zile zinazoweza mara nyingi hufunga rekodi isichezwe kwenye kifaa kingine. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4. Diski kubwa ya nje inaweza kugoma kabisa, maana tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu.

Adapta isome mwenyewe. Kuna boksi za volti 12 na kuna za volti 5, na pini zake huweza kuingia pote. Ya volti 12 kwenye boksi la volti 5 huliua papo hapo. Volti lazima zifanane. Ampea ziwe sawa au zaidi. Boksi linalojizima na kujiwasha lenyewe, hasa usiku umeme ukishuka, mara nyingi adapta ndiyo imechoka, na adapta ni rahisi kuliko boksi.

Rimoti: uliza kama inauzwa peke yake na kwa bei gani. Hicho ndicho kitu kitakachokufa kwanza kwenye nyumba yenye watoto.

Ukichagua dishi

Hapa ufundi una uzito kuliko boksi. DStv ya Afrika Mashariki iko kwenye setilaiti za nyuzi 36 mashariki kwa longitudo, Azam iko nyuzi 7 mashariki. Kwa mtu wa Dar es Salaam maana yake ni hii: ya DStv iko karibu utosini, nyuzi 81 kutoka upeo wa macho, ikielekea kaskazini na kuinama kidogo magharibi. Ya Azam iko nyuzi 52 hivi, magharibi, ikivuta kaskazini kidogo. Kwa hiyo mwembe wa upande wa magharibi wa nyumba hautalisumbua dishi la DStv, ila utalikata la Azam. Miti hukua, iliyopo chini ya mstari leo, mwaka ujao majani yatakuwa mbele.

Dishi la kawaida la nyumbani huwa na jicho lake, yaani LNB, pembeni si katikati, kwa hiyo uso wa dishi huonekana umeinama chini zaidi ya pale linapotazama hasa. Usilielekeze kwa kukisia macho. Anza na mlingoti: upime kwa pimamaji pande mbili. Mlingoti ukiinama, kila kipimo kingine ni uongo. Weka pembe ya juu kwa namba za kwenye kibanio, legeza nati za upande, zungusha dishi kidogo sana, na usubiri sekunde mbili tatu kila mara, kwa sababu kipimo cha king'amuzi huchelewa. Ubora ukipanda, kaza nusu, kisha zungusha LNB ndani ya kishikio chake mpaka ubora ufike kilele. Kwa sisi wa karibu na ikweta tunaotazama setilaiti iliyo magharibi, LNB hugeuka pakubwa, si nyuzi mbili tatu kama wenzetu wa mbali wanavyoelekezwa kwenye vitabu.

Waya uwe RG-6 wa omu 75. Kwa masafa ya dishi hupoteza takriban desibeli 30 kwa mita 100, hivyo mita 15 hadi 20 hazina shida, na kuunga katikati kwa kusokota nyaya ni kutafuta balaa. Pini za nje zizungushie utepe usiopitisha maji na acha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia ukutani ili maji yadondoke. Maji yakiingia kwenye pini, picha itakuwa nzuri kiangazi na mbaya masika, nawe utalaumu mawingu. Mvua kubwa kweli hukata mawimbi ya dishi, lakini hurudi ikipungua. Kisichorudi mpaka jua likaushe ni pini.

Kutaka televisheni ya pili iwe na king'amuzi chake kwa dishi lilelile? Kigawanyaji cha kawaida hakifai. King'amuzi huchagua mawimbi yaliyosimama au yaliyolala kwa kutuma volti 13 au 18 kwenye LNB, na boksi mbili kwenye jicho moja zitagombana. Nunua LNB ya matundu mawili na upitishe nyaya mbili.

Kwa jamaa wanaoletewa boksi la chaneli za bure kutoka Muscat au Dubai: boksi ni zima, ila setilaiti za Nilesat na Badr huelekeza miale yake Uarabuni na Afrika ya Kaskazini. Dishi la sentimita 80 Unguja lisitarajie kuona kinachoonekana kule.

Baada ya kulipia, na kabla hujamwita fundi

Amri ya kufungua chaneli husafiri kwa mawimbi yaleyale ya picha. Boksi likiwa limezimwa wakati wa kulipa, linaikosa. Liwashe kwanza, liache kwenye chaneli uliyolipia, ndipo ulipe, na usilizime kwa nusu saa. Kwenye DStv, E16 ni suala la malipo au amri haijafika, wakati E48-32 ni mawimbi hayapo: kagua waya na dishi, usilipe mara ya pili.

King'amuzi kilichotumika usikinunue bila mwenyewe kuwepo. Boksi za kulipia hufungwa kwa kampuni yake, mara nyingi na nchi yake, na namba ya kadi imesajiliwa kwa jina la mtu. Apige simu huduma kwa wateja mbele yako, jina lihamishwe, kisha boksi liwashwe kwa antena au dishi, ndipo utoe pesa. Mbuzi wa kwenye gunia huuzwa hivihivi kwenye vikundi vya WhatsApp.

Boksi likiwa jipya, piga picha namba ya nyuma na risiti. Halafu, dhamana ikiwa bado hai, acha kifurushi kiishe makusudi kwa siku moja na uandike chaneli zinazobaki. Za kitaifa zikipotea kwenye king'amuzi cha antena, piga kampuni kwanza, uchukue namba ya malalamiko. Wakikuzungusha, peleka namba hiyo TCRA au Mamlaka ya Mawasiliano Kenya pamoja na picha ya skrini.