Kabla ya Kusema "Ni Damu Yao": Kupima Dai la Jeni au Ubongo katika Kesi ya Jinai

Kijana akishikwa na panga Kisauni, Mombasa, barazani hakosi wa kusema mtoto wa nyoka ni nyoka. Siku hizi maneno yale yale huja na lugha ya maabara: ana jeni (chembe ya urithi) ya uhalifu, ubongo wake ndivyo ulivyo. Mwongozo huu ni wa msaidizi wa kisheria, afisa wa probesheni au jamaa wa mshtakiwa anayeletewa dai hilo.

Uliza kwanza ni jeni gani. Mara nyingi utajibiwa MAOA, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja serotonini na dopamini, kemikali za kupeleka ujumbe ubongoni. Hapo watu huchanganya mambo mawili. Mwaka 1993 mtafiti Han Brunner na wenzake walieleza familia moja ya Uholanzi ambayo baadhi ya wanaume wake jeni hiyo iliharibika kabisa, kimeng'enya hakuna. Walikuwa na upungufu kiasi wa akili na hasira za kulipuka. Hali hiyo ni adimu mno. Jambo la pili ni MAOA inayofanya kazi polepole, na hiyo wanaume tele wanayo, pengine hata hakimu wa kesi yenyewe. Ripoti inayopima ya pili kisha ikaegemea ushahidi wa ya kwanza, irudishe.

Halafu kagua hesabu. Utafiti unaotajwa sana ulitoka 2002, wa wanaume 442 wa Dunedin, New Zealand, waliofuatiliwa tangu utotoni. Wenye MAOA ya polepole ambao pia waliteswa wakiwa wadogo walikuwa 12% ya kundi, lakini walibeba 44% ya hukumu za makosa ya ukatili. Hiyo 44% ni fungu la hukumu, si fungu la watu. Anayesema "asilimia 44 ya wenye jeni hii ni wakatili" amesoma kinyumenyume. Tena jeni peke yake, bila mateso, haikutabiri lolote la maana, na tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Kwa hiyo kabla ya kugharamia kipimo, kaa na mama au bibi wa kijana uulize malezi: nani alimlea, alipigwa vipi, aliacha shule lini. Majibu hayo yana uzito katika ripoti ya probesheni. Jeni bila hayo ni karatasi tu.

Dai kwamba mwanamume aliyezaliwa na kromosomu Y ya ziada huwa mkatili lisikuchukulie muda. Lilivuma miaka ya 1960, na utafiti wa Denmark wa 1976 ukaonyesha makosa ya wanaume hao yalikuwa zaidi ya mali kuliko ya kuumiza watu.

Kwa ubongo, tazama picha zilipigwa kwa nani. Mtafiti Adrian Raine mwaka 1997 alilinganisha watu 41 walioshtakiwa kwa mauaji na wengine 41, akakuta sehemu ya mbele ya ubongo wa kundi la kwanza inafanya kazi kidogo kuliko ya wenzao. Lakini wote 41 walikuwa wakijitetea kwamba hawakuwa na akili timamu. Huwezi kuwafanya kipimo cha kila muuaji, seuze mwizi wa simu wa Likoni. Unga wa kulevya, pombe na vipigo vya kichwa navyo hubadilisha picha.

Kinachosaidia kweli ni tarehe. Mwalimu mmoja wa Virginia, Marekani, alianza tamaa ya watoto akiwa na miaka 40. Alikutwa na uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Ulipotolewa tamaa ikaisha. Ulipoota tena ikarudi. Basi chora mstari wa miaka: ajali ya bodaboda, degedege la kwanza, tabia ilipogeuka, siku ya kosa. Kama wizi ulitangulia ajali, hoja imekufa hapo hapo. Kila tukio liwe na karatasi: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), fomu ya P3 (ya polisi, hujazwa na daktari kuhusu majeraha) kama alipigwa, karatasi ya kuruhusiwa hospitalini, kliniki ya kifafa.

Usisahau kwamba sheria huuliza swali jingine. Kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinataka ugonjwa uliomfanya, wakati wa tendo, asielewe analofanya au asijue kwamba hapaswi kulifanya. Yule mwalimu alijua ni kosa. Hapa Kenya angekwama. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mshtakiwa, ingawa anatosheka na uwezekano ulio mkubwa zaidi. Hoja ikishindwa hapo, itumike wakati wa kuomba adhabu ipunguzwe.

Katika mauaji, mshtakiwa hupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka. Kipimo hicho huangalia zaidi kama leo anaweza kufuata kesi, si alivyokuwa usiku wa tukio. Karatasi zote za ajali na matibabu ya kichwa zifike kwa daktari anayempima kabla hajaandika ripoti. Na ukiomba skani ya CT, dai picha zenyewe kwenye CD pamoja na maelezo, kwani daktari wa pili hawezi kupinga picha asiyoiona.