Usafi wa nyumba yenye watoto wadogo: gawa kazi kwa hatari, si kwa vyumba

Ushauri ambao kila mzazi mpya hupewa ni huu: fanya usafi mtoto akilala. Mimi siukubali. Usingizi wa mchana wa mtoto ni saa adimu, na kuimaliza kwa kufagia ni hasara tupu. Kufagia kunawezekana yeye akiwa macho, akikufuata nyuma na kijifagio chake, hata kama anarudisha nusu ya takataka pale zilipotoka. Zipo kazi ambazo hazifanyiki kabisa mtoto akiwa anazunguka miguuni, na hizo ndizo za kuwekewa saa ile.

Nina watoto watatu: wa miaka mitano, wa miaka mitatu, na mmoja ambaye ndiyo kwanza anatambaa. Mama yao hufanya kazi mchana, mimi hufanya kazi usiku, kwa hiyo tangu asubuhi mpaka jioni nyumba iko mikononi mwangu. Zamani nilikuwa nagawa kazi kwa vyumba, leo jikoni, kesho chumbani. Siku hizi najiuliza swali moja tu kabla ya kushika chochote: mtoto akikifikia hiki, itakuwaje?

Jibu likiwa "hakuna neno", kazi hiyo ni ya watoto wakiwa macho. Kufagia, kufuta vumbi, kutandika vitanda, kuanua na kukunja nguo, kuosha vyombo vya plastiki, vyote vimo humo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa, kwa sababu kitambaa kikavu hulirusha hewani na baada ya muda linatua palepale. Anza juu, malizia chini. Sakafu iwe ya mwisho.

Jibu likiwa "ataumia", kazi hiyo isubiri usingizi, au isubiri mtu mzima wa pili. Pasi imo humo, na maji ya moto, na dawa ya choo, na kupanda kwenye kiti kufuta feni. Kupiga deki nako kumo, na hapo watu hunishangaa. Si sakafu ninayoiogopa, ni ndoo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo na kutumbukia hawezi kujinyanyua, na maji ya sentimita chache yanatosha kumzamisha, bila kelele yoyote. Kwa hiyo ndoo yenye maji haiachwi sakafuni hata kwa muda wa kwenda kufungua mlango. Ukimaliza, mwaga, igeuze kifudifudi.

Yaliyobaki, kwa maana ya madirisha, ndani ya makabati, nyuma ya jokofu, huyafanya nikipata nafasi, na mara nyingi sipati. Mama yao ana maoni tofauti kuhusu madirisha. Tumekubaliana kwamba madirisha ni yake.

Sasa dawa. Nyumba yenye watoto haihitaji dawa nyingi kama matangazo yanavyotaka tuamini. Sakafu, meza na vitu vya kuchezea, maji na sabuni yanatosha. Klorini naiweka kwa choo, poti, mahali pa kubadilishia nepi, na pale mtu anapotapika au kuhara. Kabla ya klorini, osha kwa sabuni na usuuze, maana uchafu huimaliza nguvu. Poti yenye mkojo isuuzwe vizuri kwanza. Mkojo una amonia, na klorini ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma macho na mapafu. Ndivyo ilivyo pia kwa siki na kwa dawa za choo zenye asidi: usichanganye kamwe, hata kwa kumwaga moja baada ya nyingine kwenye choo kilekile. Fungua dirisha. Ukishapaka, acha pabaki pabichi kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, kwa kuwa dawa inayofutwa papo hapo haijafanya kazi. Iliyochanganywa na maji hupoteza nguvu, hivyo changanya ya siku hiyohiyo tu. Na isihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa sababu yoyote ile. Mtoto hasomi maandishi, anatambua umbo la chupa.

Sakafu ya mtoto anayetambaa inataka ukaguzi wa aina yake. Piga magoti, angalia chumba kutoka kimo chake. Chini ya kochi utaona vitu ambavyo ukisimama havipo: sarafu, vifungo, vifuniko vya kalamu. Kinachonitia hofu kuliko vyote ni betri ndogo za duara, zile za rimoti na vidude vinavyoimba. Ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ukishuku kwamba mtoto amemeza, usimtapishe, mkimbize hospitali wakati huohuo. Kwa vitu vingine vidogo nina kipimo rahisi, lile bomba la katikati ya karatasi ya choo. Kinachopita humo si cha mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Tatizo ni kwamba wa miaka mitano anavipenda vitu vidogo kuliko kitu kingine chochote duniani. Suluhisho letu ni shuka kuukuu. Vile vitofali vyake vya kujengea huchezewa mezani, juu ya shuka, na akimaliza tunashika pembe nne na kumimina vyote kwenye boksi. Kazi ya kuokota kimoja kimoja imeisha. Midoli iliyobaki tumeigawa mara mbili: nusu iko chini, nusu juu ya kabati, na tunabadilishana baada ya wiki chache. Vinavyotawanyika ni nusu, na vinavyoshuka kutoka juu hupokelewa kama vipya.

Nguo ndizo zinazomaliza mzazi. Usisubiri mlima. Fua kidogo kila siku, iwe kwa mashine au kwa beseni, na duru moja ifike mwisho kabla ya nyingine kuanza: kufua, kuanika, kukunja, kabatini. Nguo mbichi zikilala ndani ya mashine au ndoo huanza kunuka na utazifua upya. Damu, maziwa na matapishi yaanze na maji baridi, kwani maji ya moto huyagandisha kwenye uzi. Nepi za kitambaa, kinyesi kidondoshwe chooni, suuza kwa maji baridi, kisha fua kwa maji ya moto, nyuzi 60 ikiwa kitambaa kinahimili.

Kuhusu godoro. Mkojo ukimwagika, kandamiza kwa taulo kavu mpaka lisinyonye tena. Usisugue, utausukuma ndani. Nyunyiza siki iliyochanganywa na maji baridi, kandamiza tena, kisha mwagia bikaboneti, ile ya kutia kwenye keki, uache mpaka ikauke kabisa ndipo uipanguse. Jua likiwapo, lianikwe. Lakini ujanja wenyewe ni kutandika mara mbili: kifuniko kisichopitisha maji, shuka, halafu juu yake kifuniko kingine na shuka nyingine. Ajali ikitokea usiku wa manane unavua tabaka la juu tu, mtoto anarudi kulala. Tangu mama yao aanze kutandika hivi, nikirudi kazini alfajiri nakuta watu wamepumzika.

Bikaboneti hiyohiyo juu ya kitambaa kibichi huondoa kalamu za nta ukutani. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kwa sababu huparuza rangi inayong'aa.

Watoto wasaidie, ila kwa kadiri yao. Wa mwaka mmoja na nusu anaweza kutumbukiza vitu kapuni, mradi kapu liwe moja, pana, lisilo na mfuniko. Makapu sita yenye picha za kuonyesha kipi kiende wapi ni mapambo ya wazazi. Wa miaka mitatu nimemvika soksi kuukuu iliyoloweshwa mkononi, anafuta meza na miguu ya viti na huwezi kumtoa hapo. Wa miaka mitano anaoanisha soksi. Mtoto akifuta, usirudie kufuta yeye akikuona. Ukifanya hivyo kesho hatashika kitambaa. Kitambaa chao kiwe na maji tu, bila dawa.

Vitambaa vya nyumba tumevigawa kwa rangi: chekundu choo, cha bluu sakafu, cheupe jikoni. Hata wa miaka mitatu anajua, na hunisuta kwa sauti nikikosea. Sponji ya vyombo ikamuliwe na ikae pakavu, si chini ya sinki ikielea kwenye maji. Ikianza kunuka itupwe.

Siku za maradhi, futa ratiba yote, bakisha choo, vyombo na nguo chafu. Tumbo likimchafuka mmoja, fukuza wengine chumbani kwanza. Okota matapishi kwa karatasi ukitoka pembeni kuelekea katikati, funga kwenye mfuko, osha pale kwa sabuni, ndipo ulete klorini. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kwa sekunde 20. Jeli ya kusafishia mikono haiviwezi vizuri baadhi ya virusi vya kuhara na kutapika. Nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake, bila kuzikung'uta. Mgonjwa awe na taulo yake, na asirudishwe kucheza na wenzake wa nje mpaka zipite siku mbili tangu kuhara na kutapika kukome.