Somo: Modeli yako ya ziwa uipeleke jarida gani?

Wengi wetu hapa Kisumu humaliza kuandika ndipo tuanze kutafuta jarida. Litafute mapema, rasimu ikiwa bado mbichi, kwani jarida ndilo litakaloamua sehemu ipi uirefushe.

Hatua ya 1. Jiulize: kipya ni modeli au ni ziwa? Tuseme umetumia Ecopath, programu ya kompyuta ya kuunda modeli za mtandao wa chakula, kuonyesha nani anamla nani katika Ghuba ya Winam, kuanzia mwani hadi omena na mbuta. Ecopath ipo tangu miaka ya 1980, kwa hiyo habari yako ni ghuba. Tafuta wasomaji wa maziwa: Hydrobiologia, African Journal of Aquatic Science, au Journal of Great Lakes Research, ambalo licha ya jina lake hupokea pia kazi za maziwa makuu ya Afrika. Lakini kama umebuni njia mpya ya kukokotoa jinsi upepo unavyosukuma magugu maji, na mtu wa ziwa jingine anaweza kuitumia, hapo bisha hodi Ecological Modelling, lililoanza 1975. Ukiwapelekea modeli ya zamani yenye data mpya tu, mhariri anaweza kuirudisha kabla wahakiki hawajaiona.

Hatua ya 2. Pitia marejeo yako mwenyewe. Jarida linalojirudia humo ndiko waliko wasomaji wako. Soma makala zake za karibuni uone modeli zinapimwaje, na kama msimbo hutolewa. Modeli inayofuata kiumbe mmoja mmoja ieleze kwa utaratibu wa ODD, yaani mpangilio maalumu wa kuandika maelezo ya modeli za aina hiyo, uliochapishwa 2006 katika Ecological Modelling hilo hilo. Wahakiki wa fani hii huuulizia.

Hatua ya 3. Ada ya kuchapisha. Jua kiasi kabla ya kutuma, na kama unahitaji msamaha, omba wakati huo huo.

Hatua ya 4. Barua pepe ya jarida linaloomba makala yako ikikuita "profesa mashuhuri" na hata uzamili hujamaliza, ifute. Jarida huria (linalosomwa bure) lililo halali litafute kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria.

MASWALI

Mwalimu, niko Njoro. Nina modeli ya flamingo wa Ziwa Nakuru. Naweza kutuma majarida mawili kwa mpigo, nichukue litakalowahi?
— Hapana, ndugu yangu. Ukigunduliwa, yote mawili yatakutupa. Andika orodha ya matatu, utume moja moja. Na kama modeli inaonyesha kuwa maji yakipanda chumvi hupungua na chakula cha flamingo nacho hupungua, liseme hilo katika sentensi za kwanza za ikisiri.

Sina hata senti ya ada. Ecological Modelling si la kulipia?
— Lina njia mbili, dada. Ukitaka makala isomwe bure na kila mtu, unalipa. Ukikubali isomwe na wenye usajili, hulipi.

Msimamizi wangu anataka jarida lenye alama kubwa tu, yaani lile ambalo makala zake hunukuliwa sana.
— Mwonyeshe makala tatu za jarida hilo zinazofanana na yako. Ukizikosa, naye ataona.