Somo: kupunguza mdomo wa bomba la shaba bila kulipasua

Jambo sana mafundi wa frigo. Watatu kati yenu, mmoja wa Katuba na wawili wa Ruashi, mmeniuliza jambo moja: mkononi una bomba la inchi 3/8, frigo linataka la inchi 1/4, ufanyeje? Wengi wetu hapa Lubumbashi tunabana mdomo kwa koleo, kisha tunajaza uwazi kwa bageti, yaani fimbo ya kulehemia. Tuache hiyo kazi. Nilimfanyia mama mmoja muuza samaki kiungo cha namna hiyo. Kilivuja usiku, na asubuhi samaki wake wote walikuwa wameoza. Nililipa, lakini mpaka leo inaniuma.

Kwanza vipimo. Bomba la 3/8 lina 9.52 mm kwa nje, na la 1/4 lina 6.35 mm. Tunataka mdomo wa bomba kubwa ulipokee dogo kwa ndani, ukiacha nafasi ndogo tu ya shaba ya bageti kupenya. Ndani ikifika 6.5 mm, basi.

Kalibu unatengeneza mwenyewe. Pata pande nene la chuma, toboa matundu matatu: 9 mm, 8.6 mm na 8.3 mm. Mlango wa kila tundu upanue uwe kama faneli, halafu sugua kwa msasa mpaka ung'ae. Kona kali ikibaki, itakwangua shaba.

Sasa moto, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Shaba ukiibana inakuwa ngumu, ukiibana tena inapasuka. Kwa hiyo kabla ya kila tundu, irudishie ulaini. Kaa kivulini, maana juani rangi ya moto haionekani. Pasha mdomo, sentimita tatu hivi, ukizungusha shalimo (kifaa cha moto wa gesi) pande zote mpaka shaba iwe nyekundu ya giza, kama kaa linaloanza kufifia. Simama hapo. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085, lakini muda mrefu kabla ya hapo chembe zake hukua, na ngozi ya bomba inakuwa kama ya chungwa. Ikishapoa, ondoa weusi kwa limau na chumvi, suuza, kausha.

Paka mafuta nje ya mdomo. Funga kalibu kwenye jiliwa, sukuma bomba polepole huku ukilizungusha, likiwa limenyooka. Ukihisi linakataa, usipige nyundo: toa, pasha tena. Tundu la 9, moto. La 8.6, moto. Kwenye la 8.3 chomeka ndani chuma cha mviringo kisicho na mikwaruzo cha 6.5 mm kilichopakwa mafuta, ili mdomo usikunjamane. Utaona ukuta wa bomba umenenepa. Ni sawa, shaba iliyokuwa pembeni lazima iende mahali. Mwishoni kata ncha iliyopinda, toa mabaki ya mafuta, ndipo ulehemu.

Kuvuta shaba kupitia tundu si kazi ngeni kwetu. Wahunzi wa Kiyeke wa Bunkeya, enzi za mfalme Msiri, waliivuta hivyo mpaka ikawa uzi wa bangili.

Maswali yenu

*Yaya, nikiitumbukiza majini ikiwa ya moto haitakuwa ngumu kama kisu?*
Hapana, mdogo wangu. Hiyo ni tabia ya chuma cha kutengenezea visu. Shaba, uipoze kwa maji au kwa hewa, inabaki laini. Maji yanakuokolea muda tu.

*Sina shalimo. Makaa yanafaa?*
Yanafaa kwa kulainisha. Geuza bomba mara kwa mara, na usilisahau humo.

*Naweza kufanya hivi bomba likiwa bado kwenye frigo?*
Usithubutu. Gesi ya R600a inawaka, na R22 ikipitia motoni inatoa hewa ya sumu. Gesi itoke yote, kipande kikatwe, kazi ifanyike mezani.

*Fundi, na shaba ya njano, laitoni?*
Inategemea. Laitoni ya viungo vya kufunga kwa kuzungusha kama skrubu mara nyingi imetiwa madini ya risasi ili ichongeke vizuri, na ukiibana inapasuka. Ile ya shaba 70 na zinki 30, wanayotengenezea maganda ya risasi za bunduki, inakubali, ila moto wake ni mdogo zaidi: acha kabla haijawa nyekundu, na ukiona moshi mweupe ni zinki inatoka, usiuvute. Halafu ukiibana usiiache bila kuipasha kidogo. Jeshi la Uingereza kule India liliona maganda yakipasuka yenyewe msimu wa mvua, yakiwa yamehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Amonia ya mikojo ndiyo iliyokuwa inaila laitoni iliyobanwa. Wewe unayeweka vipande vyako kwenye banda la kuku, vihamishe leo.