Kujenga injini ya V8 kwa simu za Android zenye prosesa tofauti

V8 ndiyo injini ya JavaScript iliyomo ndani ya Chrome na Node.js. Programu inapokuwa inaendelea, V8 huandika maelekezo ya prosesa papo hapo, kwa hiyo maktaba moja haiwezi kutumika kwenye simu zote. Kila usanifu (aina ya prosesa) una ujenzi wake. Ukiona ujenzi umekwama, jiulize kwanza kama hujachanganya kompyuta unayojengea na simu itakayoendesha.

Anza na simu yenyewe, ukiiuliza kwa `adb` (zana ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta):

`adb shell getprop ro.product.cpu.abilist`

Jibu lenye `arm64-v8a` linamaanisha biti 64. Likija `armeabi-v7a,armeabi` peke yake, Android iliyomo ni ya biti 32, hata kama prosesa ni ya biti 64. Hali hiyo ni ya kawaida kwenye simu za bei nafuu zenye RAM ya GB 1 au 2, kwa hiyo usitegemee maandishi ya kwenye boksi. `x86_64` utaihitaji kwa emuleta (simu ya kuigizwa ndani ya kompyuta). MIPS, aina nyingine ya prosesa, iachwe, kwa sababu NDK (zana za kujengea msimbo wa C++ wa Android) iliiondoa tangu toleo la r17.

Kompyuta ya kujengea iwe Linux ya x64. Tenga GB 50 za diski na RAM ya GB 16 ili usikwame katikati. Kisha pakua `depot_tools` (zana za ujenzi za Chromium, mradi unaozaa Chrome) na msimbo wa V8:

```
git clone https://chromium.googlesource.com/chromium/tools/depot_tools.git
export PATH="$PWD/depot_tools:$PATH"
mkdir kazi && cd kazi
fetch v8
echo "target_os = ['android']" >> .gclient
cd v8
gclient sync --with_branch_heads
git checkout branch-heads/12.4
gclient sync -D
```

Mstari wa `target_os` ndio unaoleta NDK na vifaa vya Android. Ukiusahau, hatua zinazofuata zitalalamikia mafaili yasiyokuwepo. Tumia tawi la toleo kama hapo juu, usijenge kutoka `main`, kwa sababu huko mambo hubadilika kila siku.

Kisha andaa folda ya arm64:

```
gn gen out/arm64 --args='target_os="android" target_cpu="arm64" v8_target_cpu="arm64" is_debug=false is_component_build=false v8_monolithic=true v8_use_external_startup_data=false use_custom_libcxx=false v8_enable_pointer_compression=true v8_enable_sandbox=false v8_enable_i18n_support=false symbol_level=0'
ninja -C out/arm64 v8_monolith d8
```

Maktaba itatokea `out/arm64/obj/libv8_monolith.a`. Kwa emuleta rudia na `x64` kwenye `out/x64`. Kwa biti 32 tumia `arm` kwenye `out/arm`, na hapo `v8_enable_pointer_compression` iwe `false`. Kuzima i18n (msaada wa lugha mbalimbali) kunapunguza ukubwa, ila `Intl`, sehemu ya JavaScript inayoandika tarehe na namba kwa lugha husika, inaondoka. Kama programu yako inaonyesha tarehe kwa `sw-TZ`, iache iwashwe, halafu faili la `icudtl.dat` lisafiri pamoja na injini.

Ujenzi wa arm ndio unaosumbua zaidi. V8 hutengeneza picha ya kumbukumbu ya kuanzia kwa kutumia programu iitwayo `mksnapshot`, nayo huendeshwa kwenye kompyuta yako, haiendeshwi kwenye simu. Kwa arm64 inajengwa kama programu ya x64 inayozalisha msimbo wa ARM. Kwa arm ya biti 32, ukubwa wa pointa (anwani ya mahali kwenye kumbukumbu) lazima ulingane, kwa hiyo `mksnapshot` inakuwa programu ya x86 ya biti 32. Linux isiyo na maktaba za biti 32 itakujibu "No such file or directory" huku faili unaliona kwa macho. Kinachokosekana ni kipakiaji cha programu za biti 32:

```
sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386 libstdc++6:i386
```

Kosa la pili hutokea wakati wa kuunganisha maktaba na msimbo wako wa C++. Ukiona alama zenye `std::__Cr` hazipatikani, V8 imejengwa kwa libc++ (maktaba sanifu ya C++) ya Chromium ilhali msimbo wako unatumia ya NDK, ambayo alama zake ni `std::__ndk1`. Hakikisha `use_custom_libcxx=false` imo, futa folda, jenga upya.

La tatu linajitokeza programu ikishawaka: inakufa na ujumbe "Embedder-vs-V8 build configuration mismatch". V8 inabana pointa kuwa biti 32 ili kuokoa RAM, na msimbo wako haujui. Ongeza `-DV8_COMPRESS_POINTERS` kwenye arm64 na x64 tu, usiiweke kwenye arm. Ndiyo sababu hapo juu tumeyaandika machaguo hayo waziwazi badala ya kuiachia V8 ijiamulie.

Jaribu kwenye simu halisi kwa `d8`, programu ndogo ya kujaribia V8 uliyoijenga pamoja na maktaba. `--jitless` huizuia V8 kuandika msimbo papo hapo:

```
adb push out/arm64/d8 /data/local/tmp/
adb shell
cd /data/local/tmp && chmod 755 d8
./d8 -e 'print(6*7)'
./d8 --jitless -e 'print(6*7)'
```

Emuleta ya x64 haitoshi kwa jaribio hili. Prosesa za x86 husawazisha zenyewe kashe (hifadhi ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya maelekezo na ya data, lakini ARM hudai programu iisafishe kashe kila inapoandika msimbo mpya. Kosa la aina hiyo linajificha kwenye emuleta na kulipuka kwenye simu. Amri ya mwisho ikifanya kazi na ile iliyotangulia ikafa, chunguza msimbo unaozalishwa papo hapo na ruhusa za kumbukumbu.

Kabla ya kupeleka Google Play, pima mpangilio wa kurasa za kumbukumbu kwenye maktaba ya `.so` uliyoiunganisha na V8 (hapa tumeiita `libinjini.so`):

`llvm-readelf -l libinjini.so | grep LOAD`

Safu ya mwisho isomeke `0x4000`, yaani KB 16. Google ilianza kudai hivyo Novemba 1, 2025 kwa programu zinazolenga Android 15 na kuendelea. Ikisomeka `0x1000`, unganisha upya kwa `-Wl,-z,max-page-size=16384`.

Weka maktaba hizo za `.so` ndani ya `jniLibs`, folda ya mradi inayobeba maktaba za C++: ya arm kwenye `armeabi-v7a`, ya arm64 kwenye `arm64-v8a`, ya x64 kwenye `x86_64`. Kila maktaba ya programu yako iwemo katika kila folda uliyoifungua. Android huchagua folda moja wakati wa kusakinisha. Ikikuta `arm64-v8a` ina maktaba nyingine lakini injini haimo, haitaifuata kwenye `armeabi-v7a`, na mtumiaji atapata `UnsatisfiedLinkError` mara tu anapofungua programu.