Jinsi ya kutoa kitabu cha katuni na washkaji zako, kuanzia karatasi moja mpaka mezani

Kama unachora na una washkaji wawili watatu nao wanachora, kiwanda nusu unacho tayari, kilichobaki ni steshenari, stepla na makubaliano. Naandika hii kwa sababu kila baada ya muda kuna mdogo wangu mmoja ananitumia picha za peji zake kwenye simu, kazi kali kabisa, ananiuliza nianzie wapi kutoa kitabu, na mimi nikimuuliza nani kasoma hizo peji kabla yangu anasema hakuna. Anzia hapo. Tafuta mtu wa kukusomea kabla hujatafuta hela ya kuprinti.

Kwa wa Dar kuna Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, ukienda siku za maonesho lazima ukutane na watu wanachora, na hata ukikosa hao basi baraza la nyumbani linatosha, watu watatu, chai, chapati na siku moja ya wiki isiyobadilika. Siku isiyobadilika ni muhimu kuliko mnavyofikiri, sisi tulipokuwa tunasema "tutaonana" hatukuonana miezi miwili, tulivyosema Jumamosi saa kumi tukaonana hata mvua ikinyesha. Kila mtu aje na peji moja, hata kama iko nusu, hata kama ni skechi ya penseli kwenye daftari la shule.

Wiki ya kwanza msianze na kitabu kikubwa. Fanyeni kijitabu cha karatasi moja ya A4, kwanza kwa sababu ni bei ya kopi moja tu, pili kwa sababu mtajuana mnavyofanya kazi. Kunja A4 katikati mara tatu, ukiifungua unapata vyumba nane. Ikunje tena mara moja tu, ncha fupi ikutane na ncha fupi, alafu kwa mkasi kata mstari wa katikati kuanzia kwenye mkunjo mpaka pale mistari inapokutana, basi, usiendelee. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili ziingie ndani mpaka kile kitundu kifunguke kama mdomo, na karatasi inajilaza yenyewe inakuwa kitabu cha peji nane. Sasa kabla hujachora chochote andika namba za peji kwa penseli, 1 mpaka 8, ndo uifungue tena. Utaona namba nne zimesimama vizuri na nne ziko kichwa chini, ndo hivyo inatakiwa, hiyo karatasi yako ya namba ndo ramani yako. Chora, toa kopi upande mmoja tu, kunja, kata, gawa.

Kwenye hiyo karatasi mchezo mzuri ni kupokezana, mimi nachora peji ya 1 nakupa, wewe unachora ya 2 bila kuniuliza hadithi inaenda wapi, unampa wa tatu. Mtacheka sana ila pia utaona nani anapenda kuchora nyumba na magari, nani anaandika maneno yanayochekesha, nani mkono wake wa wino umetulia. Hiyo ndo itawasaidia kugawana kazi mkija kwenye kitabu chenyewe.

Haya, kitabu. Andikeni kwanza skripti hata kama ni fupi, alafu chora peji zote ndogondogo ukubwa wa kiberiti, zote kwenye karatasi moja, ili uone hadithi nzima kwa jicho moja. Hapo ndo kufuta ni bure. Ukishapiga wino kufuta kunauma na watu wengi wanaacha kosa kwa huruma ya kazi waliyofanya, nalielewa hilo kabisa, ila msomaji hajui ulikesha.

Sasa kusomeana, na hapa nitakaa kidogo. Peji ikiwa bado ya penseli mpe mwenzako, alafu nyamaza. Usimweleze. Angalia kidole chake au macho yake yanaenda wapi. Mimi nililielewa hili kwenye peji ya nne ya hadithi yangu ya kwanza, dada mmoja wa kijiwe chetu alikuwa anasoma huku anafuatisha kwa kidole, kikapita fremu ya kwanza, ya pili, alafu badala ya kwenda ya tatu kikashuka moja kwa moja chini kwenye ya nne, kwa sababu nilikuwa nimechora mkono mrefu wa konda unaonyoosha kuelekea chini. Akasoma jibu kabla ya swali. Hakusema kitu, akaguna tu "mh", akarudi juu. Ningemuuliza "umeipenda?" angesema nzuri, maana ni mtu mwema. Kidole hakikunificha kitu. Nikaufuta ule mkono nikaugeuza uelekee kulia na wiki iliyofuata mtu mwingine akaisoma peji nzima bila kusimama.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni "niambie hapa kimetokea nini". Akikuambia kitu kingine tofauti na ulichokusudia, usibishane naye, rekebisha fremu. Na wewe ukiwa ndo msomaji ongea na peji, sema "hapa fremu ya pili sijajua nani anaongea", usiseme "wewe hujui kuchora mikono". Na kamwe usipitishe kalamu kwenye peji ya mwenzako, chukua karatasi nyingine umwoneshe. Nimeona urafiki wa miaka unayumba kwa sababu ya mstari mmoja wa wino uliochorwa kwa nia njema.

Maneno. Kiswahili kina maneno marefu, "hawakutuambia" peke yake inajaza kiputo (lile duara la maneno ya mhusika), kwa hiyo andika maneno kwanza alafu ndo uchore kiputo kuyazunguka, ukianza na kiputo utayabana mpaka yasisomeke. Ikibidi kukata neno kata kwenye silabi, hawaku-tuambia sawa, hawak-utuambia hapana, na mb, nd, ng usizitenganishe. Ukiandika kwa herufi kubwa usisahau kile kialama cha NG', maana NG'OA na NGOA ni vitu viwili tofauti kabisa na msomaji wa pwani atakukamata. Afu milio, jamani, tuna chubwi ya mtu kutumbukia majini, tuna pu ya mzigo kuanguka, sioni kwa nini tuazime milio ya vitabu vya Marekani wakati yetu inasikika hivi.

Vipimo sasa. Chora kwenye A4 kitabu kikiwa cha A5, yaani nusu ya A4, uwiano ni uleule kwa hiyo inapungua bila kubaki pembeni, inakuja kama asilimia 71. Maana yake herufi ya milimita 4 inashuka chini ya 3, na kalamu ya 0.3 inaonekana kama 0.2, kwa hiyo usiandike kidogo na usichore nywele nyembamba sana, kopi itazila. Acha kama sentimita moja upande wa mkunjo na usiweke kichwa cha mtu karibu na ukingo. Kuskani, mchoro wa wino mweusi skani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), hifadhi kama faili la TIFF au PNG, JPEG inaleta uchafu pembeni ya mistari. Kama kazi unafanya kwenye kompyuta, programu ya kuchora ya Krita ni bure na inatosha, na wapo wanaomaliza kitabu kizima kwenye simu kwa ibisPaint, sina neno nao, kazi ni kazi.

Idadi ya peji lazima igawanyike kwa nne maana kila karatasi ikikunjwa inatoa peji nne. Kitabu cha peji 16 ni karatasi nne. Ya nje kabisa ina peji ya 16 kushoto na ya 1 kulia, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ujanja wa kukumbuka, kwa kitabu hiki cha peji 16, peji zinazokaa pamoja jumla yake ni 17 siku zote. Ukipata zinazojumlisha 18 ujue umekosea. Kava ikiwa ya karatasi nzito hiyo ni karatasi ya tano peke yake.

Na tafadhali, toa nakala moja tu kwanza. Moja! Ikunje, ipige pini, isome kuanzia kava mpaka mwisho ukiwa umesimama palepale dukani. Sisi kitabu chetu cha kwanza tulipeleka PDF tukasema toa 60, tukaenda kula, tukarudi tukakuta upande wa nyuma wa kila karatasi umetoka kichwa chini. Mashine ilikuwa imewekwa igeuzie karatasi upande mrefu, na kwa kitabu cha kukunja A4 iliyolala inatakiwa upande mfupi. Kosa lilikuwa letu pia, hatukusema na hatukuangalia. Hela ilikuwa imeisha. Nakumbuka tumekaa kwenye ngazi na lile furushi, hakuna anayeongea, alafu mshkaji mmoja ambaye hata hakuchora peji kwenye toleo lile akatoa hela ya nauli yake ya wiki akasema tutoe hata 20 twende nazo. Tukaenda na 20. Jina lake liko kwenye kitabu, peji ya 2, na litabaki hapo tukitoa tena.

Ambayo inanileta kwenye majina na hela, kitu ambacho watu wanaona aibu kukiongelea na wanapoteza marafiki. Kaeni mkiandike kwenye karatasi moja mkiwa bado mnapendana. Nani mwenye mhusika. Nani kachangia kiasi gani cha kuprinti. Mkiuza, hela ya kuprinti inarudi kwanza kwa waliochangia, inayobaki inagawanywaje. Mmoja akiondoka mwingine anaruhusiwa kuendelea kumchora mhusika au la. Sainini wote, kila mtu apige picha.

Hili la mhusika kubaki mkononi mwa wengine si la kufikirika tu. Philip Ndunguru aliyewachora kina Lodi Lofa na Kipepe kwenye jarida la katuni la Sani alifariki 1986 akiwa kijana, na wahusika wake waliendelea kuchorwa na wengine, watu wakakua nao. Mimi nafurahi sana waliendelea, ila nikiwaza wewe na mwenzako, bora mjue mapema mnataka nini. Kisheria Tanzania kazi yako inalindwa tangu ulipoichora, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ndo inasema, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unaweza kuisajili ili ukija ugomvi uwe na ushahidi. Ila sheria haijui nani alipiga wino fremu zako saa nane usiku, hiyo andikeni wenyewe: hadithi, penseli, wino, maneno, kava, kila mtu kwa jina.

Mkitaka kuona kazi ya mikono mingi inavyoweza kusimama angalieni Shujaaz, katuni ya Nairobi, ilivyotoka 2010, Sheng kwa kwenda mbele na wachoraji zaidi ya mmoja ndani ya kitabu kimoja, kila hadithi na ladha yake. Si lazima mfanane staili. Mkilazimishana kufanana mnaishia wote kuchora kama yule anayechora vizuri kuliko wote na yeye anachoka.

Kuuza. Bei ianze na gharama, tuseme nakala imewagharimu 1,500, mkiuza 2,000 mnaona faida ila mkiacha dukani na mwenye duka akakata asilimia 30 mnabaki na 1,400, mmeshapata hasara kwa kila kitabu kinachouzwa. Mkiuza 3,000 mnabaki na 2,100. Fanyeni hii hesabu kabla ya kuandika bei kwenye kava maana kava haifutiki. Duka mara nyingi litachukua kwa mali kauli, hakuna shida, ila acha na karatasi yenye idadi, tarehe na saini, na rudi baada ya mwezi mwenyewe kwa miguu, usisubiri upigiwe.

Kwenye maonesho kodini meza moja wote. Mtu akichukua kitabu cha mwenzako anakigeuzageuza, muuzie. Kijue, uweze kumwambia "hiki ni cha bibi anayeendesha bajaji, peji ya kumi inachekesha". Mtu anayesifia kazi ya mwenzie anaaminiwa haraka kuliko anayejisifia, na mwenzako akirudi kutoka msalani akakuta umemuuzia viwili uso wake utauona. Wekeni chenji, kalamu ya kusaini, kitu cha kufunikia vitabu mvua ikinyesha, na nakala moja iliyochakaa ya kusomwa bure na watoto, hao ndo wanarudi na wazazi.

Jioni hesabuni palepale, kila mtu aone, gaweni kama karatasi inavyosema hata kama ni buku mbilimbili. Peji za asili zilaze kwenye faili gumu mbali na unyevu, usizikunje. Nakala mbili ziweke kabatini usiziuze kwa bei yoyote, na ya kwanza kabisa iliyotoka kwenye mashine, ile uliyoisoma umesimama, mpe yule aliyekusomea kwa kidole.